Mkuu wa Wilaya au Halmashauri? Ulinganisho wa milango miwili kwa mkazi wa Tanga

Mkazi wa Tanga mwenye jambo la umma linalomsumbua, iwe ni mtaro ulioziba, leseni iliyokwama au mpaka wa kiwanja, ana milango miwili ya kubisha hodi. Wa kwanza unaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, unapanda kwa mtendaji wa kata na diwani, hadi kwenye ofisi ya Mkurugenzi wa Jiji na Baraza la Madiwani. Wa pili unaanzia kwa Afisa Tarafa, unapita kwa Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, na kuishia wizarani Dodoma. Wengi huchagua kwa kuangalia nani ana sauti, na mwenye sauti mara nyingi ni Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa ndiye anayefika na msafara na kutoa agizo papo hapo mbele ya wananchi. Kwa maoni yangu kipimo hicho kinapotosha. Linalofaa kuulizwa ni fungu la fedha za jambo lako liko kwa nani, na saini ya mwisho ni ya nani. Ukishayajua hayo mawili hutasumbuka kuchagua mlango, na mara nyingine utagundua kwamba wenye jambo hilo si hawa wala wale.

Nani ni nani

Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya 1977 zinasema kwamba kutakuwa na vyombo vya serikali za mitaa na kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Halmashauri zenyewe zinaendeshwa kwa sheria mbili za mwaka 1982, moja ya mamlaka za wilaya, Sura ya 287, na nyingine ya mamlaka za miji, Sura ya 288; hii ya pili ndiyo inayoihusu Tanga, ambayo ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Halmashauri ina nafsi yake ya kisheria, kwa maana kwamba inaweza kushtaki na kushtakiwa, kumiliki mali, kutunga sheria ndogo na kukusanya ushuru. Mkuu wa Wilaya ni mtu wa aina nyingine kabisa. Yeye huteuliwa na Rais kuiwakilisha Serikali Kuu wilayani, na kazi zake zimewekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, Sura ya 97: kusimamia utekelezaji wa sera za Serikali, kuongoza Kamati ya Ulinzi na Usalama, na kuziwekea halmashauri mazingira mazuri ya kutimiza majukumu yao. Hakuchaguliwa na kata yoyote, wala hapigi kura katika Baraza la Madiwani.

Hesabu ya mkoa wetu inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Mkoa wa Tanga una wilaya 8 lakini una halmashauri 11, kwa sababu Lushoto, Korogwe na Handeni kila moja ina halmashauri mbili. Mkuu wa Wilaya ya Lushoto ni mmoja, ila wilayani mwake kuna Halmashauri ya Lushoto na Halmashauri ya Bumbuli, kila moja na mkurugenzi wake, baraza lake na bajeti yake. Mkazi wa Bumbuli anayemwandikia Mkuu wa Wilaya kuhusu zahanati bila kutaja halmashauri yake amejiongezea safari tu, maana barua hiyo italazimika kutafutiwa mwenyewe kwanza.

Hata hivyo, mpaka kati ya pande hizi mbili haukunyooka kama sheria inavyousomesha. Mstahiki Meya huchaguliwa na madiwani wenzake, lakini Mkurugenzi wa Jiji, ambaye ndiye mtendaji mkuu na ndiye mwenye kalamu ya malipo, huteuliwa na Rais. Walimu wa shule za msingi na sekondari, wauguzi wa zahanati na maafisa ugani wako chini ya halmashauri kwa kazi zao za kila siku, ilhali mishahara yao inatoka Hazina. Kwa hiyo ukibisha hodi kwenye halmashauri unamkuta humo ndani mtu anayewajibika kwa diwani wako na kwa Dodoma kwa wakati mmoja, na majibu yake yatakuwa na tahadhari inayolingana na hali hiyo. Asiyelielewa hili humwona mkurugenzi kuwa mkaidi, kumbe anasubiri waraka wa TAMISEMI, yaani ofisi ya Serikali Kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Uhusiano huu haukuanza jana. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa nchini kote na kazi zake kuchukuliwa na maofisa wa Serikali Kuu katika mfumo ulioitwa Madaraka Mikoani. Huduma za mijini zikadorora kiasi kwamba halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, kisha zikafuata sheria za 1982 na halmashauri za wilaya mwaka 1984. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 sera rasmi imekuwa ugatuaji wa madaraka, na bado kituo, yaani Serikali Kuu, hakikuacha kushika kamba. Mwezi wa Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa kwa uamuzi kutoka juu, na hadhi ya jiji ikahamishiwa Ilala. Anayedhani baraza la madiwani ni serikali inayojitegemea kabisa na akumbuke tukio hilo.

Fungu liko wapi

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, kwa sababu vyanzo vya mapato vya halmashauri vimekuwa vikipunguzwa kimoja baada ya kingine. Kodi ya maendeleo, ambayo wazee wanaikumbuka kwa ule msako wa stakabadhi, ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo, ambayo mahali pengi duniani huhesabiwa kuwa kodi ya asili ya mji, ilipelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kiwango kilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha mwaka 2023 kikapanda hadi shilingi 1,500. Mama mwenye nyumba Makorora anayenunua umeme wa shilingi 5,000 mwanzoni mwa mwezi anaona makato hayo kwenye simu yake, anakasirika, halafu anakwenda kumlaumu mwenyekiti wa mtaa ambaye hana hata karatasi moja inayohusu kodi hiyo.

Kilichobaki mikononi mwa halmashauri si haba, lakini ni cha kukusanya kidogo kidogo: ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni, ushuru wa mazao, ada za leseni na vibali vya ujenzi, ushuru wa masoko kama Ngamiani na Mgandini, mapato ya stendi ya Kange, ushuru wa samaki. Jiji lenye bandari, viwanda na saruji lina nafuu katika ushuru wa huduma kuliko halmashauri za vijijini, na ndiyo sababu ombi la choo cha soko au ukuta wa shule lina matumaini zaidi kwa Mkurugenzi wa Jiji kuliko ombi kama hilo Kilindi. Jambo dogo linaloweza kulipiwa na mapato ya ndani lipeleke halmashauri bila kusita, kwa kuwa uamuzi wake unafanyika hapa hapa Tanga na madiwani wanaweza kuuhoji. Jambo kubwa linalongoja ruzuku ya Serikali Kuu pia litapitia halmashauri, ila hapo diwani peke yake hatoshi. Mbunge, ambaye ni mjumbe wa baraza kwa nafasi yake, ndiye anayeweza kulisemea bungeni.

Mfano wa mtaro mmoja

Tuchukue mtaro ulio kando ya moja ya zile barabara za namba za Ngamiani, ambao wakati wa masika unafurika hadi maji yanaingia vyumbani. Ukisimama kando yake na kuutazama kwa makini utaona kwamba una wenyewe wengi. Barabara na mtaro wake viko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kuchukua barabara za mijini na vijijini kutoka kwa halmashauri. Ingekuwa ni barabara kuu inayoingia mjini kutoka Segera, tungezungumza na TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mifuko ya plastiki na maganda ya nazi yaliyouziba ni taka ngumu, na taka ngumu ni kazi ya halmashauri. Bomba linalovuja pembeni yake ni la Tanga UWASA, mamlaka ya maji. Kibanda kilichojengwa juu ya mfuniko kinahusu idara ya mipango miji ya Jiji. Mbu na hatari ya kipindupindu vinahusu maafisa afya wa Jiji. Mkazi anayekwenda ofisi moja baada ya nyingine atapigwa danadana mwezi mzima, na kila atakayemwambia "hilo si letu" atakuwa anasema kweli.

Katika jambo la namna hii mlango wa Mkuu wa Wilaya una faida ambayo halmashauri haina. Meneja wa TARURA na mkurugenzi wa mamlaka ya maji si waajiriwa wa Jiji, na Baraza la Madiwani linaweza kuwaita kujibu hoja lakini haliwezi kuwaajiri wala kuwaondoa. Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa anaiwakilisha Serikali nzima, anaweza kuwaketisha wote meza moja na kumtaka kila mmoja aseme sehemu yake ataimaliza lini. Baada ya kikao hicho, ufuatiliaji urudi kwa diwani. Fedha za TARURA hutoka katika Mfuko wa Barabara na bajeti ya Serikali, na barabara isiyoingizwa kwenye mpango wa mwaka haitajengwa kwa sababu kiongozi alikasirika siku ile. Diwani ndiye anayeweza kuhakikisha kwamba mtaro huo umeandikwa katika vipaumbele vya kata, na akaukuta tena mezani robo ijayo ya mwaka.

Kasi na uzito

Tofauti ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ni hii: Mkuu wa Wilaya ana kasi, halmashauri ina kumbukumbu. Malalamiko kwa Mkuu wa Wilaya hayahitaji kikao, akidi wala ajenda. Unasikilizwa, simu inapigwa, mtu anaitwa. Halmashauri inakwenda kwa kamati, na baraza lenyewe hukutana kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Lakini kilichoamuliwa na baraza kinaingia kwenye muhtasari, kinapata namba, na ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali unaweza kukiulizia. Agizo la mdomo halina mahali pa kuulizwa, na Mkuu wa Wilaya anaweza kuhamishwa wilaya nyingine kabla hujajua kama lilitekelezwa.

Iko pia hatari ya kutumia kasi hiyo vibaya. Vifungu vya 7 na 15 vya Sura ya 97 vinawapa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe kwa muda usiozidi saa 48, lakini ni pale tu ambapo amani inahatarishwa na hakuna njia nyingine ya kuizuia hatari hiyo. Uwezo huo haukuwekwa kwa ajili ya kudai kodi ya chumba, wala kumtisha fundi aliyekimbia na malipo ya awali. Wapo wanaokwenda kwa Mkuu wa Wilaya wakitaraji jirani awekwe ndani. Hao wamekosea mlango, na kiongozi anayewakubalia anavunja sheria ile ile anayoiwakilisha.

Mfano wa kasi ya kituo ikiingia kwenye eneo la halmashauri ulionekana Desemba 2018, vilipotolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Viligawiwa kupitia kwa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya, si kupitia mabaraza ya madiwani. Machinga wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu mwenye kitambulisho hakubughudhiwa tena na ushuru wa kila siku. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba ushuru huo ulikuwa chanzo cha mapato ya halmashauri, na halmashauri ndiyo iliyobaki na wajibu wa kufagia soko na kuzoa taka zake. Anayelinganisha pande hizi mbili asisahau kwamba unafuu unaotangazwa na kituo mara nyingi hulipiwa na mfuko wa mji.

Biashara, bahari na ardhi

Katika biashara jibu ni jepesi. Leseni za kundi B, ambazo ndizo za maduka, migahawa na saluni, hutolewa na halmashauri, na siku hizi maombi yanapita mtandaoni katika mfumo wa TAUSI. Leseni za kundi A, za biashara zenye sura ya kitaifa na kimataifa, ni za BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Jina la biashara ni la BRELA pia, na namba ya mlipakodi ni ya TRA. Mkuu wa Wilaya hatoi leseni, wala hawezi kuongeza au kupunguza ushuru kwa kauli, kwa sababu ushuru umewekwa na sheria ndogo ambayo imepitishwa na baraza, ikaidhinishwa na Waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Ukidaiwa ushuru usioujua, omba kuonyeshwa sheria ndogo hiyo. Ombi hilo peke yake husawazisha mengi.

Kwa wavuvi mambo yamegawanyika zaidi. Leseni ya mvuvi mdogo na ya chombo chake hushughulikiwa na afisa uvuvi wa halmashauri, na ushuru wa samaki wanaoshushwa kwenye mwalo wa Deep Sea ni wa Jiji. Lakini uvuvi wa baruti, ambao umeitesa pwani ya Tanga kwa miaka mingi, ni jambo la ulinzi na usalama. Kikundi cha BMU, yaani cha wanajamii wanaosimamia rasilimali za uvuvi, kinachosikia mlipuko kinapaswa kuripoti polisi na kwa Mkuu wa Wilaya mara moja, maana afisa uvuvi asiye na boti ya doria hataweza lolote usiku ule. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, nayo iko chini ya Serikali Kuu, kwa hiyo mgogoro wa mipaka ya kuvulia ndani yake haumalizwi na diwani.

Ardhi nitaipitia haraka kwa kuwa ina mlango wake wa tatu. Kibali cha ujenzi ni cha halmashauri. Hati miliki hupitia ofisi ya ardhi ya mkoa, iliyo chini ya Wizara ya Ardhi. Mgogoro wa mpaka huanzia baraza la kata, ambalo tangu mwaka 2021 linapatanisha tu na halitoi hukumu, kisha huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Vijijini, mathalani Mkinga au Pangani, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno. Mkuu wa Wilaya anaweza kutuliza watu wasichukue mapanga, lakini hawezi kumpa mtu kiwanja wala kumnyang'anya.

Kikundi kinachotafuta mkopo

Mikopo ya asilimia 10 inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu ndiyo inayowafanya vijana na akina mama wengi waijue halmashauri kwa mara ya kwanza. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa mwaka 2018 na kuitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha ni za halmashauri, vikundi vinasajiliwa kwa afisa maendeleo ya jamii, na mchujo unaanzia kwenye kata. Pamoja na hayo, Aprili 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa nchi nzima kwa agizo la Serikali Kuu, baada ya fedha nyingi kutorejeshwa, na ulianza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Fungu lilikuwa la mji, saini ikawa ya kituo.

Kwa kikundi cha Tangasisi au Mabawa kinachotaka mkopo huo, mlango ni mmoja tu, nao ni halmashauri kupitia kata. Kupitia kwa Mkuu wa Wilaya hakuongezi kasi, na kunaweza kukiharibia kikundi jina mbele ya kamati ya kata, ambayo ndiyo inayokijua. Kama ombi limekataliwa bila sababu, andika barua kwa Mkurugenzi, nakala kwa diwani, ukidai majibu ya maandishi. Yakikosekana, nakala ya pili ndiyo iende kwa Mkuu wa Wilaya, ikiwa na barua ya kwanza nyuma yake. Kuruka hatua hiyo ya kwanza kunampa Mkurugenzi kisingizio cha kusema hajawahi kupokea jambo hilo.

Utaratibu huo huo wa barua unafaa kwa ombi la zahanati, darasa au kivuko, ila hapo kalenda ina nguvu kuliko barua. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango ya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo, na bajeti ya halmashauri hupitishwa na baraza mwanzoni mwa mwaka kabla ya kupelekwa mkoani, Hazina na bungeni. Mtaa unaotaka jambo lake lionekane katika mpango ujao unapaswa kulifikisha kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kati ya Oktoba na Desemba, likiwa limeandikwa katika muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye majina na saini za waliohudhuria.